Nabadilisha mahindi ya kibarua kwa siri, na sasa shemeji anaonekana mwizi

Shikamoo Shangazi,

Huu ni mwaka wangu wa nne tangu niolewe katika familia ya wakulima. Tunaishi pamoja na wakwe zangu na mdogo wake mume wangu, ambaye hajaoa. Shamba ni la baba mkwe, funguo za ghala anazo mama mkwe. Mimi wakati wa mavuno napika chakula cha mchana cha vibarua, kisha kuanzia alasiri namenya na kuchambua mahindi kabla hayajapandishwa kichanjani. Ni hii kazi ya kuchambua iliyonifikisha hapa.

Msimu huu mvua ilirudi wakati mahindi yameshakomaa na bado yamesimama shambani. Magunzi ambayo maganda yake hayakufunika ncha yaliingia maji. Tulipoyamenya tukakuta yameshika ukungu, mengine wa kijani chenye umanjano, mengine mweupe kama pamba au wa rangi ya waridi. Utaratibu wa nyumba hii tangu sijafika ni mafungu matatu. La kwanza ni magunzi makubwa na safi, hayo ni ya kuuza. La pili ni madogo lakini safi, hayo ni ya kula nyumbani. La tatu ni yaliyovunda, hayo ni ya kuku na ya vibarua. Tuna vibarua wanne. Kila mmoja akivuna na kubeba kutwa nzima hupewa fedha kidogo na debe mbili za magunzi. Miaka ambayo mvua haikuharibu, fungu la tatu lilikuwa dogo, kwa hiyo walijaziwa kutoka la pili. Mwaka huu limekuwa kubwa, na baba mkwe akasema wazi, "Yapo ya kuwatosha, msiguse mazuri."

Mwaka jana bwana shamba alitufundisha kuhusu sumukuvu. Alisema ukungu ule unaacha sumu isiyotoka kwa kupika, inaharibu ini, na mama akila inapita kwenye maziwa yake. Kati ya vibarua wetu yuko mama mmoja anayekuja na mtoto mgongoni, wa miezi minane hivi. Siku ya kwanza nilipompimia debe zake, vumbi la kijani liliruka likatua kwenye khanga aliyombebea mtoto. Usiku ule sikupata usingizi.

Nilimwambia mume wangu. Akasema mwenye shamba ni baba, na nisije nikaonekana namfundisha mzee kilimo. Nikamgusia mama mkwe, kwa mbali tu. Akasema, "Sisi tumekula haya tangu tukiwa wasichana na tupo." Nikanyamaza.

Basi nikaanza kubadilisha. Jioni ni mimi ninayewapimia, wenzangu wakiwa wameenda kuoga. Yule mama nampimia kutoka fungu la pili, juu naweka magunzi machache yaliyovunda ili akipita mtu asione tofauti, na nimemwambia akifika kwake ayatupe. Kiasi kilekile cha yaliyovunda nakitia kwenye shimo nyuma ya banda la kuku. Nimefanya hivyo siku sita, debe mbili kila siku. Wale vibarua wengine watatu wanaendelea kupokea yaliyovunda kwa mkono wangu huuhuu, kwa sababu nikiwabadilishia wote ningekamatwa siku ya kwanza.

Kumbe kila debe la fungu la pili likijaa, baba mkwe huchora mstari wa mkaa ukutani. Mahindi hayo yalikaa uani chini ya turubai mpaka Jumamosi yalipopandishwa kichanjani. Mistari ilikuwa 64, debe zikapatikana 52. Aliyekuwa akilala pale kulinda ni shemeji yangu. Hakuna aliyemtamkia neno la wizi, lakini siku ya pili yake aliondolewa ulinzi akawekwa mume wangu. Viatu alivyonunua mwezi uliopita vimeanza kuulizwa vilitoka wapi. Hali tena pamoja na wenzake, anachukua sahani anakaa nyuma ya jiko. Juzi akaniuliza, "Shemeji, na wewe unaamini?" Niliinamisha kichwa nikaendelea kumenya.

Juu ya hayo, wiki ijayo baba mkwe anataka kuleta mashine ya kupukuchulia. Mnunuzi amesema atachukua hata kama hayajakauka sawasawa, na deni la mbolea limefika siku yake. Mimi nikiyashika yale mahindi naona bado.

Nikisema ukweli, yule mama atarudishiwa yaliyovunda na mimi nitaitwa mwizi. Nikinyamaza, shemeji anaungua kwa kosa langu. Nimwambie nani, na nianzie wapi? Na kuku je, wao wakila hayo hakuna neno?

Mkazamwana

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako polepole. Naona unabeba mizigo miwili ambayo umeifunga kamba moja: mahindi yaliyovunda wanayopewa watu wayale, na jina la kijana ambaye hakuchukua kitu. Umeifunga pamoja kwa sababu yote imepita mikononi mwako, na hilo naliona. Ila ukiifungua uangalie kila mmoja peke yake, utaona kwamba haina haraka sawa, na wa kuambiwa si lazima awe mtu mmoja.

Kwanza nikuambie kwamba hofu yako ina msingi. Sumukuvu haivunjiki kwa moto wa jikoni, uchemshe au uoke. Ukungu wa kijani chenye umanjano ndio unaoogopewa zaidi kwa sumu hiyo. Mweupe na wa waridi kwa kawaida ni wa kuvu ya aina nyingine, nayo ina sumu zake. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Walipochunguzwa, chanzo kikuu kilionekana kuwa mahindi waliyolima wenyewe na kuyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Wengi hawakununua sumu kwa mtu.

Natumia mfano huo kwa sababu moja. Barua yako yote inasimama juu ya dhana kwamba sumu iko kwenye fungu la tatu, na fungu la pili ni salama. Naomba tuitazame tena. Kuchambua kunapunguza sumu sana, na kazi unayoifanya kila alasiri ni ya maana kuliko unavyosifiwa. Lakini sumukuvu haina rangi wala harufu ya kuitegemea, na gunzi linaloonekana safi linaweza kuwa nayo kidogo. Tena kuvu haikomei shambani. Mahindi yakikomaa, ile alama nyeusi ikishatokea kwenye kitako cha punje, bado yana unyevu wa asilimia 30 au zaidi. Wengi huvuna yakiwa kati ya 20 na 25. Ili yakae bila kuvunda yanatakiwa kushuka hadi asilimia 13 na nusu hivi. Sasa wewe mwenyewe umeandika kwamba lile fungu la pili lilikaa uani chini ya turubai mpaka Jumamosi. Turubai likifunika mchana na usiku hukamata mvuke wa mahindi yenyewe, chini kunakuwa na joto na jasho, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Ingiza mkono katikati ya rundo kama hilo: ukikuta vuguvugu, limeshaanza.

Sisemi hivi ili nikuongezee hofu. Ninachokuonyesha ni kwamba hatari uliyoiona kwenye khanga ya yule mama inaweza pia kuwa kwenye chakula cha baba mkwe, cha mume wako, na chako. Kama ni hivyo, mazungumzo unayoyaogopa yanabadilika sura. Huendi tena kumwambia mzee kwamba anawalisha watu vibaya. Unakwenda kuzungumzia ukaushaji wa mahindi ya nyumba nzima, jambo ambalo yeye analijali kuliko mtu yeyote hapo.

Tukiwa hapohapo, umemweka baba mkwe kama mtu asiyejali. Huenda ni kweli, simjui. Lakini miaka ya nyuma, kwa maneno yako, vibarua walijaziwa kutoka fungu la pili. Mtu asiyejali hafanyi hivyo. Inawezekana machoni pake yaliyovunda ni mahindi ya daraja la chini tu, kama shati kuukuu ambalo bado linasitiri, na hajawahi kuyafikiria kama sumu. Mama mkwe naye hasemi uongo anaposema wamekula na wapo. Mara nyingi madhara haya huja taratibu: ini linachoka kwa miaka, saratani ya ini inamkuta mtu miaka mingi baadaye, na hakuna anayekumbuka magunzi ya msimu fulani. Ukimjibu kwa kumpinga atahisi unayadharau maisha yake. Ukimuuliza anakumbuka mwaka gani mvua iliharibu mahindi kama mwaka huu, huenda yeye mwenyewe akakuambia kwamba mwaka huu si kama ile mingine.

Dhana nyingine ni kuhusu vibarua. Umeamua kwa niaba yao, kwa wema kabisa, bila kuwauliza. Je, unajua wanayafanyia nini hayo magunzi? Wapo wanaoyachambua tena punje kwa punje, wapo wanaolisha mifugo, wapo wanaouza. Huenda wanajua yamevunda na hawana nafasi ya kukataa. Na yule mama tayari anajua kwamba anapewa tofauti, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwambia atupe yale ya juu. Hivyo siri yako ina watu wawili, wewe na yeye, na huenda yeye anarudi nyumbani njia moja na wale wenzake watatu waliobeba magunzi ya kijani. Siku hao wakigundua, hadithi haitatoka ikiwa na maneno ya sumukuvu. Itatoka kwamba mkazamwana ana mtu wake anayempendelea. Nadhani ni bora uwe umeisimulia wewe kabla haijasimuliwa hivyo.

Sasa tuje kwa shemeji yako, maana hapa ndipo barua ilinishika. Mahindi yaliyoliwa wiki hii hayarudi, na ya wiki ijayo bado yanaweza kupangwa. Lakini yeye kila jioni anabeba sahani yake kwenda nyuma ya jiko. Alikuuliza wewe, katika watu wote wa nyumba ile, kama unaamini. Jiulize kwa nini alikuchagua wewe, na aliuelewaje ukimya wako.

Njia ziko kadhaa. Nitazitaja pamoja na miiba yake, wewe ndiye unayewajua hao watu.

Unaweza kuanza naye mwenyewe. Faida yake ni kwamba anayeumia anapumua kwanza, na anaweza kuwa mtu wa kukuunga mkono utakapozungumza na wazee. Mwiba wake ni hasira. Kijana aliyeonewa kwa wiki nzima anaweza kutoka palepale akakimbilia kwa baba yake, na habari ikafika kwa maneno yake, bila sababu zako. Ukienda kwake, nenda ukiwa umeshaamua lini utawaambia wengine, ili usimgeuze kuwa mtunza siri ya kosa analosingiziwa.

Unaweza kuanza na mume wako. Mara ya kwanza ulimpelekea jambo la kumkosoa baba yake, akajikinga. Safari hii unampelekea jambo la mdogo wake, anayelindiwa mahindi kama mgeni, na mlinzi mwenyewe ni yeye mume wako. Mlango huo anaweza kuupita kwa urahisi zaidi. Hatari ni kwamba atakuambia, "Nyamaza, yatapita." Ujue mapema utajibu nini, kwa sababu ukikubali hapo mtakuwa wawili mnaomwachia kijana mzigo, na kuusema baadaye kutakuwa kugumu mara mbili.

Au uanze na mama mkwe. Yeye ana funguo, na kijana ni mwanawe wa kumzaa. Wamama wengi moyoni hupata nafuu kusikia kwamba mtoto wao hakuiba, hata kama wanamkasirikia aliyewafikisha hapo. Mwiba: akiipeleka kwa mzee yeye, itafika kwa namna atakavyochagua.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, ila nadhani imekupitia kichwani: kutafuta debe 12 mahali uzirudishe kimyakimya. Fikiri itakavyoonekana. Mahindi yaliyopotea yakirudi yenyewe, watu watasema mwizi ameogopa akayarudisha, na mwizi wanayemfikiria wanamjua. Ungemmaliza kabisa. Kurejesha kuna maana kama kunafanywa mchana, kwa jina lako. Na kiasi chenyewe kinahesabika. Debe mbili za magunzi hutoa takribani debe moja ya punje, kwa hiyo debe 12 ni kama debe 6 za punje, gunia moja hivi. Si kitu kidogo kwa mkulima mwenye deni, ila si mlima. Ni kiasi ambacho mtu anaweza kusema, "Nitalifidia hivi na hivi."

Ukifika wakati wa kusema, fikiria neno lipi litangulie. Ukianza na sumukuvu, bwana shamba, mtoto mgongoni, kisha mwishoni debe 12, wasikilizaji watahisi unajenga ukuta wa kujificha. Ukianza na "Zile debe 12 nilizitoa mimi, shemeji hakugusa," halafu ukanyamaza kidogo, yanayofuata yatasikilizwa kama sababu. Lakini kuna wazee ambao wakisikia kosa hawasikii tena kingine. Kama baba mkwe yuko hivyo, pengine ni vizuri mtu mwingine awe pamoja nawe, mume wako au mama mkwe, anayeijua habari nzima.

Kuhusu malipo ya vibarua, usiende na ombi kwamba wote wapewe mazuri kama vile hakuna gharama. Vibarua wanne, debe mbili kila mmoja, siku sita, ni debe 48 za magunzi, karibu magunia manne ya punje. Baba mkwe ataipiga hesabu hiyo kabla hujamaliza sentensi. Yapo mambo ya katikati ya kuzungumza: debe moja safi badala ya mbili zilizovunda, au nyongeza ya fedha baada ya mauzo, au kupimiwa punje zilizokwisha kukaushwa mwisho wa kazi. Waulizeni na wao. Debe moja isiyo na ukungu inaweza kuwa nafuu kwa mama mwenye mtoto, na kwa mwenzake anayetegemea kuuza kidogo ikawa hasara. Gunzi lililoshika ukungu nchani tu wengine hulikata nusu wakala iliyobaki. Mimi siitegemei njia hiyo, kwa sababu ukungu unaoonekana kwa jicho ni sehemu tu ya ule uliopo. Kukoboa nako kunapunguza, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda la punje na kiini, lakini basi inahamia kwenye pumba.

Turudi kwenye mashine ya wiki ijayo, ambako naona una nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa. Mahindi mabichi yakipita kwenye mashine punje huvunjika na kuchubuka, na kila punje iliyovunjika ni mlango wa kuvu na fukusi. Ukishayatia kwenye gunia yanapata joto katikati. Lakini mpe mzee haki yake: anajua kwamba kukausha kunaondoa uzito. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13 na nusu zinabaki kama kilo 92 na nusu. Kilo 7 na nusu za maji ni fedha mnunuzi akilipa bila kupima unyevu. Ukimwambia hakuna hasara hatakuamini, na atakuwa sahihi. Kinachowezekana kuongelewa ni kuuza sasa kiasi cha kulipia deni tu, na kukausha sawasawa yale yatakayobaki, hasa ya kula. Hata hayo ya kuuza yataliwa na mtu mahali fulani, na hilo nakuachia ulipime mnapozungumza.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho hakimvunjii mtu heshima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ya ukubwa wa robo tatu ya lita hivi, yenye kifuniko. Pukuchua punje kutoka magunzi ya sehemu mbalimbali za kichanja, juu, katikati na chini, ujaze theluthi moja ya chupa. Tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, kwa maana chumvi yenye unyevu itakudanganya. Funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, na kuyatia guniani ni kuyavundisha. Isipoganda yako chini ya 15, na siku moja au mbili zaidi za jua kali huyasogeza yanapotakiwa. Mpe baba mkwe chupa aitikise yeye. Kinachosema hapo ni chumvi kwenye kioo, wewe hujamfundisha mtu kilimo.

Mkikubaliana kukausha baada ya kupukuchua, myatandaze juu ya turubai na si chini ya turubai. Unene usizidi sentimita tatu au nne, yaani vidole viwili vilivyolazwa pamoja. Myageuze kila baada ya nusu saa au saa moja, jua likizama myakusanye na kuyafunika. Msiyafunge yakiwa ya moto kutoka juani, yaacheni yapoe kwanza, vinginevyo hutoa jasho ndani ya gunia. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa dumuzi na fukusi, kwani hukosa pumzi wakafa, ila haikaushi. Mahindi mabichi ndani yake huvunda vilevile.

Kwa yule mama na wenzake, kuna jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Waambie dalili. Mtu aliyekula mahindi ya namna hiyo akaanza kutapika, kuumwa tumbo, macho kuwa ya manjano, tumbo au miguu kuvimba, apelekwe hospitali haraka, mtoto kabla ya wote, na waseme wamekula mahindi yenye ukungu. Na nyote mnaochambua na kupukuchua mjifunge kitambaa puani na mdomoni. Lile vumbi la kijani ulilolitazama likitua kwenye khanga, wewe umekuwa ukilivuta kila alasiri.

Na kuku? Wao pia. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa, na chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndipo wanasayansi walipoitambua sumukuvu kwa mara ya kwanza. Vifaranga na bata wadogo ndio wanaoumia upesi, na kuku asiyekufa hudhoofika na kupunguza mayai. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu hupita kwenye maziwa.

Kwa hiyo lile shimo lako liangalie leo. Umesema liko nyuma ya banda, na kuku huchakura. Kama uliyatupa magunzi juujuu bila udongo, tayari wanayala. Lichimbe liende chini zaidi, ufukie kwa udongo wa kutosha na uushindilie. Na kama kuna mtu atakuja kukuuliza unafukia nini, huenda ukawa ndio wakati wenyewe wa kumwambia.

Shangazi